Amplifaya na maboksi ya besi kwa ajili ya shoo: nichague vipi?

NyuziTano

Wakuu, salaam. Nataka kubadilisha mitambo yote ya gitaa la besi kwa mkupuo, amplifaya pamoja na maboksi, na kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyochanganyikiwa.

Bendi ina drams, magitaa mawili, kinanda na waimbaji wawili. Besi ni ya nyuzi 5, kwa hiyo kuna B ya chini. Kumbi nyingi ni za watu 100 hadi 200, na humo mitambo ya ukumbi inabeba waimbaji na kinanda tu. Besi inatakiwa itoke yenyewe jukwaani. Mara mojamoja ni uwanja wa wazi wenye mitambo kamili na fundi wake. Vifaa vinabebwa na mtu mmoja kwa gari dogo.

Mezani kuna amplifaya mbili za klasi D (aina nyepesi za kisasa), moja wati 500 kwa omu 4 (omu ni kipimo cha ukinzani wa spika), nyingine wati 800. Kwa maboksi nimebaki na chaguo tatu: 4x10 (spika 4 za inchi 10) ya omu 8 juu ya 1x15 ya omu 8, au 2x10 mbili za omu 8, au 1x12 mbili za omu 8.

Wati ngapi zinatosha? Ni kweli spika ya inchi 15 ndiyo inayotoa sauti ya chini na za 10 zinatoa ya juu? Na fedha zikigoma kutosha, nianze na kipi?

---

FundiSpika

Anza na maboksi, mkuu. Boksi ndilo linaloamua sauti itakuwaje na itafika wapi. Amplifaya za klasi D za siku hizi zinafanana kuliko matangazo yanavyodai.

Suala la wati tulimalize haraka. Ukizidisha wati mara mbili unapata desibeli 3 tu. Kutoka 500 kwenda 800 ni desibeli 2. Mbele ya drams na magitaa mawili hutaitambua. Ili sikio likubali kwamba sauti imekuwa kubwa maradufu, unahitaji takriban desibeli 10, yaani wati mara 10. Sasa linganisha na kuongeza boksi la pili linalofanana na la kwanza. Omu 8 mbili zinakuwa omu 4, amplifaya inatoa nguvu zaidi (ile ya wati 500 kwa omu 4 kwa kawaida hutoa 250 hadi 300 tu kwa omu 8), na wakati huohuo eneo la koni linalosukuma hewa limeongezeka maradufu. Kwenye masafa ya chini faida yake ni karibu desibeli 5 au 6. Kwa hiyo wati 500 na maboksi mawili inaipita wati 800 na boksi moja, tena kwa mbali.

Wati zilizoandikwa nyuma ya boksi nazo zinadanganya wengi. Namba ile inaeleza joto ambalo koili za spika zinaweza kuvumilia kabla ya kuungua. Haisemi koni zinaweza kusafiri umbali gani, na kwenye besi koni ndiyo inayoshindwa kwanza. Kila unaposhuka oktava moja, koni inatakiwa isafiri mara 4 zaidi ili itoe sauti ileile. E ya chini ni 41 Hz (mitetemo kwa sekunde), B yako ni 31 Hz. Tofauti inaonekana ndogo, lakini kwenye boksi lililofungwa B inadai mwendo wa karibu mara 1.8 ya ule wa E. Boksi lenye tundu la hewa linasaidiwa na tundu hilo karibu na masafa yaliyopangiwa, mara nyingi 40 hadi 50 Hz, ila chini ya hapo hewa ya ndani haiishikilii tena koni na inaanza kurukaruka ovyo. Ongeza desibeli 6 za besi kwenye ikwalaiza na umeidai amplifaya nguvu mara 4 kwenye masafa hayo. Ndiyo maana boksi la "wati 600" linaweza kukoroma na hata kuchanika kwa wati 200.

Dawa yake ni kichujio kinachokata masafa ya chini kabisa (high-pass). Tafuta amplifaya yenye kichujio hicho ndani, au nunua pedali yake, na ukiweke kati ya 30 na 40 Hz. Usiogope kwamba B itapotea. Sehemu kubwa ya kile unachosikia kwenye B ni 62 na 93 Hz. Ile 31 Hz yenyewe ni maboksi machache sana ya jukwaani yanayoitoa kwa nguvu ya maana.

Sasa hiyo imani ya inchi 15. Kipenyo peke yake hakisemi boksi linashuka wapi. Linaloamua ni ujazo wa boksi, urefu na upana wa tundu, na tabia za spika yenyewe. Ipo 2x10 inayoshuka chini kuliko 1x15 ya bei rahisi. Ukitaka kulinganisha, tazama eneo la koni: spika ya inchi 10 ina takriban sm za mraba 340, ya 12 takriban 530, ya 15 takriban 860. Kwa hiyo 4x10 ina zaidi ya 1,300 dhidi ya 860 za 15 yako. Anayesukuma hewa nyingi zaidi hapo ni nani?

Na hapo ndipo mchanganyiko wa 4x10 na 1x15 unapoharibika. Zote zikiwa omu 8, amplifaya inagawa nguvu nusu kwa nusu. Kati ya wati 500, wati 250 zinakwenda kwenye spika 4 za inchi 10, kila moja inapata kama 62. Wati 250 nyingine zote zinaiangukia ile 15 moja. Inafika mwisho wa mwendo wake wakati zile za 10 bado zinapumzika, na wewe unalazimika kupunguza sauti ya mtambo mzima kwa ajili yake. Juu ya hilo, fazi (mwendo wa mawimbi) za maboksi mawili yasiyofanana hazilingani, kwa hiyo kuna noti zitakazojazana na nyingine zitakazomezana. Watu wengi wanaupenda mwonekano wa mpangilio huo, na jukwaani unapendeza kweli, lakini kama ni sauti unayotafuta, nunua maboksi mawili yanayofanana.

Kati ya 2x10 mbili na 1x12 mbili, kwa kumbi zako ningechukua 2x10 mbili. Eneo la koni ni lilelile la 4x10, ila unalibeba nusu nusu. Boksi la 2x10 lenye sumaku nyepesi za neodimiamu huwa kilo 14 hadi 20. 4x10 ya sumaku nzito za feraiti inaweza kuvuka kilo 40, na ngazi za ukumbini hazina huruma. 1x12 mbili zinatosha endapo mpiga dramu hapigi kama anabomoa ukuta. Uamuzi huo unamtegemea yeye zaidi kuliko idadi ya watu ukumbini.

Fedha zikipungua: chukua amplifaya ya wati 500 na boksi moja sasa, la pili baadaye. Hakikisha tu boksi la kwanza ni omu 8. Ukinunua la omu 4 umefunga mlango, kwa sababu amplifaya nyingi za namna hii haziruhusiwi kwenda chini ya omu 4.

---

MzeeWaBesi

Hesabu za FundiSpika sina ugomvi nazo. Ninachokataa ni hii mbio ya kutafuta "chini".

Besi inapotea kwenye bendi kwa sababu ya masafa ya kati. Kinachomfanya mtu wa nyuma kabisa ajue umepiga noti gani kipo kati ya 200 na 800 Hz. Wengi wakiwa nyumbani peke yao wanapandisha besi na treble, wanabonyeza kati chini, sauti inakuwa tamu. Drams zikianza, ile besi ya chini inazama kwenye dramu ya mguu, treble inafunikwa na matoazi, na hakuna kilichobaki. Kisha mtu anasema amplifaya ni ndogo.

Mfano ni amplifaya ya SVT ya kampuni ya Ampeg, iliyotoka 1969: wati 300 za vali (mirija ya kioo), na boksi lake la 8x10. Watu wanalitaja hilo boksi kama mfalme wa sauti nzito. Lakini vipimo vya Ampeg wenyewe kwa SVT-810E vinaonyesha kwamba tayari limeshuka desibeli 3 likifika 58 Hz. Ni boksi lililofungwa, halina tundu, wala halishuki sana. Nguvu yake iko kwenye masafa ya kati yaliyoshikana na spika 8 zinazogawana kazi. Lina zaidi ya kilo 60, kwa hiyo gari dogo na mtu mmoja wasahau.

NyuziTano, ukienda kujaribu maboksi, usijaribu peke yako kimyakimya. Weka ikwalaiza yote katikati, panda volyumu mpaka kiwango cha shoo, na piga mambo matatu: B ya chini wazi ukiishikilia, mstari wa haraka kwenye nyuzi za kati, na noti za juu ya freti ya 12. B ikitoa sauti ya "fup fup" ya hewa kwenye tundu, boksi limechoka. Mstari wa haraka ukichanganyika mpaka noti hazitenganishiki, boksi hilo litakutesa kwenye kumbi zinazovuma. Kisha sogea mita 5 au 6 na umpe mtu mwingine apige. Ukisimama karibu na miguu yako ikiwa mbele ya spika, unachosikia si kile kinachokwenda mbele.

Na tweta (spika ndogo ya sauti kali): maboksi mengi yana kitufe cha kuipunguza nyuma. Ukitumia distosheni, izime kabisa au ibaki kidogo sana, maana distosheni kupitia tweta ni kama misumari kwenye bati. Tweta pia ndiyo huungua kwanza amplifaya inapozidiwa na kukata mawimbi kwa muda mrefu.

Taa nyekundu ya geini (volyumu ya mwanzo) iwake kwa nadra tu unapopiga kwa nguvu zote. Ikiwaka kila noti, punguza geini na uongeze masta (volyumu ya mwisho). Watu wanafanya kinyume, halafu wanalalamikia sauti iliyokunjamana.

---

WayaMrefu

Naongeza upande wa nyaya, maana hapo ndipo vifaa vipya vinapokufa wiki ya kwanza.

Maboksi yakiunganishwa sambamba, na hivyo ndivyo yanavyounganishwa hata ukitoka kwenye boksi la kwanza kwenda la pili kwa tundu lake la nyuma, hesabu ni hii:

8 na 8 = omu 4
8 na 4 = omu 2.67
4 na 4 = omu 2
8 tatu = omu 2.67

Tazama nyuma ya amplifaya kiwango cha chini kinachoruhusiwa. Imeandikwa 4, basi 2.67 ni marufuku hata kama itaonekana kufanya kazi. Klasi D nyingi zitajizima kujilinda katikati ya wimbo, zinawaka tena, zinajizima tena. Nyingine hazina ulinzi mzuri kiasi hicho na zinakufa moja kwa moja. Amplifaya za vali ni habari tofauti: hizo zinataka omu zilingane na swichi ya nyuma, na zisiwashwe kamwe bila boksi, kwa sababu nguvu isiyo na pa kwenda inatoboa transfoma ya kutolea sauti.

Waya wa spika si waya wa gitaa. Kwa nje vinafanana, jeki ni ileile ya robo inchi, lakini waya wa gitaa una uzi mwembamba mmoja uliozungukwa na kinga. Ukiupitishia mamia ya wati unapata joto, unakula nguvu, na siku moja unayeyuka na kupiga shoti. Tumia waya wa nyuzi mbili nene, milimita za mraba 1.5 hadi 2.5, usiozidi mita 2 maana amplifaya iko juu ya boksi.

Chagua vifaa vyenye tundu la spikoni badala ya jeki. Spikoni inajifunga ukiizungusha, haichomoki mtu akikanyaga waya, na haipigi shoti unapoiingiza. Jeki ya robo inchi ikiingia nusu inaweza kuunganisha ncha na mwili wake kwa sekunde moja, na kwa amplifaya iliyowashwa sekunde moja inatosha. Kwenye spikoni, besi inatumia nguzo za 1+ (chanya) na 1− (hasi). Plagi ya NL2 (spikoni ya nguzo 2) inaingia kwenye tundu la NL4 (la nguzo 4), lakini plagi ya NL4 haiingii kwenye tundu la NL2.

Jambo moja la klasi D linalosahaulika: kwenye nyingi, nyaya zote mbili za kutolea zina umeme, hakuna upande wa ardhi. Usijaribu kuunganisha ule wa hasi na mwili wa chuma au na mikisa. Ukitaka kupeleka sauti kwenye mikisa, kuna tundu la DI la XLR (la pini 3), linalotoa mawimbi dhaifu yanayofaa mikisa. Hilo ndilo lililowekwa kwa kazi hiyo.

Ukinunua boksi lililotumika, beba maltimita. Pima kwenye tundu lake bila kuunganisha amplifaya: boksi la omu 8 husoma takriban 5.5 hadi 7, la omu 4 husoma takriban 3 hadi 3.7. Hiyo ni kawaida, si hitilafu, kwa sababu maltimita inapima waya wa koili tu. Boksi la 2x10 la omu 8 lenye spika mbili za omu 16 likisoma 11 au 12, spika moja imekatika. Kisha sukuma kila koni polepole kwa vidole vya mikono miwili, sawasawa pande zote. Ikikwaruza, koili imepinda au imeungua, liache.

---

NyuziTano

Asanteni sana wakuu, naona 2x10 mbili na wati 500 ndiyo njia. Nina mambo mawili yamebaki. Kuna 1x15 ya zamani ya omu 4 hapa. Naweza kuitumia pamoja na 2x10 ya kwanza mpaka nipate ya pili? Na maboksi nisimamishe vipi jukwaani, ubavu kwa ubavu au moja juu ya jingine? Kwa uwanja wa wazi je?

---

FundiSpika

Hiyo 15 ya omu 4 iache ipumzike. Pamoja na omu 8 inakuwa 2.67, WayaMrefu ameshaeleza mwisho wake. Na hata amplifaya ingekubali, theluthi mbili za nguvu zingekwenda kwenye hiyo 15 ya zamani na theluthi moja tu kwenye boksi jipya. Boksi jipya peke yake ni bora.

Simamisha wima, moja juu ya jingine, tena kila 2x10 yenyewe isimame wima kama umbo lake linaruhusu. Spika zikiwa kwenye mstari mmoja wa kwenda juu, sauti ya masafa ya kati inasambaa vizuri kushoto na kulia, na za juu zinafika usawa wa masikio yako. Ukizilaza ubavu kwa ubavu, aliye katikati anasikia vizuri na walio pembeni wanapata mashimo, kwa kuwa sauti za spika mbalimbali zinawafikia kwa nyakati tofauti na kumezana.

Ukuta wa nyuma una kazi kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Sauti ya chini inazunguka boksi, inagonga ukuta na kurudi. Uso wa boksi ukiwa mita 1 kutoka ukutani, inayorudi inakutana na inayotoka na kuifuta karibu na 86 Hz, yaani katikati kabisa ya mwili wa besi. Sogeza boksi karibu, uso ubaki nusu mita au chini ya hapo, na shimo hilo linapanda mpaka 170 Hz na kuendelea, ambako halichomi sana. Acha sentimita 10 nyuma kama tundu la hewa liko huko. Kona ya ukumbi inaongeza besi zaidi, wakati mwingine kupita kiasi. Kama jukwaa ni la mbao tupu linalovuma, inua maboksi juu ya sponji nene au stendi na upunguze 80 hadi 120 Hz kidogo.

Nje hakuna ukuta wala dari, kwa hiyo besi ya jukwaani inaonekana imekonda. Usiifukuzie kwa ikwalaiza. Mpe fundi DI, weka swichi kwenye hali ya kabla ya ikwalaiza ili ukigeuza vitufe vyako usimharibie mchanganyo wake, na maboksi yabaki kwa ajili yako na mpiga dramu. Ikitoka mngurumo wa 50 au 60 Hz mara tu waya wa XLR unapounganishwa, bonyeza swichi ya kukata ardhi kwenye DI. Usikate pini ya ardhi kwenye plagi ya umeme. Hiyo inaua watu.

Ukipata boksi la pili na ukaona besi imekonda kuliko lilipokuwa moja, polariti (chanya na hasi) ya moja imegeuka. Chukua betri ya volti 1.5, gusisha chanya kwenye 1+ na hasi kwenye 1− kwa sekunde moja, na utazame koni. Zote za maboksi yote mawili ziende upande uleule. Inayokwenda kinyume, geuza nyaya zake ndani.

---

WayaMrefu

Kwa uwanja wa wazi angalia na umeme. Baadhi ya amplifaya zinapokea volti 100 hadi 240 zenyewe, nyingine zina swichi ya 115 na 230 nyuma. Swichi ikiwa 115 na umeme ni 230, unapoteza fyuzi ukiwa na bahati. Jenereta ikiwa ndogo, voteji inashuka kila dramu na besi vinapogonga pamoja na amplifaya inajizima. Omba laini tofauti na ile ya taa. Waya wa ekstensheni uliokunjwa kwenye gurudumu lake ufunguliwe wote, ukibaki umezungushwa unapata moto. Usiweke koti wala karatasi za nyimbo juu ya matundu ya feni.

Beba fyuzi mbili za akiba zenye ampia zilezile zilizoandikwa nyuma, na herufi ileile. Ikiandikwa T (inayochelewa kukatika), usiweke F (inayokatika haraka): umeme unaoingia kwa kishindo wakati wa kuwasha utaikata kila mara hata kama amplifaya ni nzima.